Kiraka cha Kijani Juu ya Meza Kuu

Kocha Ndahani mpendwa,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima, na kwa kuzingatia uzito wa jambo lenyewe, napenda kukutangazia wewe pamoja na wakazi wote wa Nkuhungu kwamba kuanzia Jumamosi iliyopita nimeacha kula pilau ya sendoff. Uamuzi huu ni wa kudumu. Sina ugomvi na mpishi.

Jirani yetu alikuwa anamuaga bintiye, ukumbi umejaa, MC anapiga kelele kama analipwa kwa kila neno. Nyama ilikuwa mdomoni nilipoinua macho juu ya meza kuu. Wapambaji wa siku hizi hawaachi dari ipumue: vitambaa vinaanzia katikati, vinashuka hadi ukutani, taa ndogondogo ndani yake. Hivi vilikuwa vya rangi ya chungwa na bluu. Nikasema moyoni, rangi nzuri, kama za Kocha. Nikaendelea kutafuna. Halafu feni ikakivuta kimoja, kikajigeuza, nikaona kiraka cha kijani kilichoshonwa kwa uzi mweusi.

Kile kiraka nilikishona mimi.

"Fundi, vipi? Mfupa?" aliyekaa pembeni yangu akaniuliza.

"Parachuti," nikamwambia.

"Kunywa maji, ndugu yangu. Bibi harusi hata hajaingia."

Nilikunywa maji, na mengine nikayamwaga kwenye suti yake. Kocha, parachuti lako, nililokunja na kukunjua kwenye mkeka mpaka magoti yakaota sugu, lilikuwa limekatwa vipande virefu, na chini yake shangazi wa bibi harusi wanacheza.

Wewe unajua lilivyofika mikononi mwetu, lakini wengine watakaosoma barua hii hawajui.

Mimi ni fundi simu. Simu ikiletwa spika mbovu, lazima ucheze video ndiyo ujue kama imepona. Kwenye simu moja nikakuta mzungu amesimama ukingoni mwa genge, mlima umekatika wima chini yake. Akajirusha. Nilishamhesabu marehemu, mara kitambaa kikafunguka nyuma yake, akawa anashuka taratibu kama mtu anayetoka kanisani. Ile simu ilipona siku hiyohiyo, mimi sikupona.

Nikaanza kutafuta mwalimu. Niliwaandikia watu wa mchezo huo walioko nje, kwa Kiingereza cha kuunga unga. Alijibu mmoja tu, na jibu lake lilikuwa swali: nimesharuka mara ngapi kutoka kwenye ndege? Mimi ndege naziona zikipita juu ya paa zimebeba wabunge. Nikaenda kwa ofisa michezo. Alinisikiliza kwa makini sana, akaniuliza kama nina viatu vya riadha. Mwisho nikaona nijifundishe mwenyewe, kama nilivyojifundisha simu. Nilishachagua mnara wa mawasiliano, na nilishaanza kuulizia turubai jepesi.

Ndipo ukaja wewe na simu iliyopasuka kioo. Nilipoiwasha, nikaona picha ya mtu yuko hewani chini ya daraja, miguu juu, kichwa chini.

"Huyu nani?"

"Mimi."

"Ulisukumwa?"

Ulicheka mpaka ukashika meza. Ukaniambia ulifanya kazi miaka mingi Afrika Kusini, kwenye kiwanja ambacho wageni wanaruka kutoka kwenye ndege, na kwamba kazi yako ilikuwa kuwakunjia maparachuti. Baadaye ukaruka nao, baadaye ukahamia kwenye madaraja na magenge. Ulirudi nyumbani na begi moja, parachuti ndani yake.

"Nifundishe," nikasema.

"Hapana."

"Basi mimi naanzia kwenye mnara wa simu."

Hapo hukucheka. Uliitazama ile simu kama vile kioo kilikuwa kimepasuka wakati huohuo. "Njoo kesho," ukasema. "Lete mkeka."

Kesho yake nilidhani tutaruka. Tulikunja. Kesho kutwa tukakunja. Kamba huku, mbavu za kitambaa kule, toa hewa, laza, rudia. Ua lilikuwa la dada yako, Mama Upendo, nasi tulikuwa tumemnyima pa kuanika nguo. Alikuwa akipita na ndoo anasema, "Baba zima na fundi simu, mnakunja kama mnamwandaa mwali. Ataolewa lini huyu?" Mtaani walishaamua kwamba tunashona hema la mkutano wa injili. Mchungaji alikuja mwenyewe kuliulizia, ukamwambia kwa unyenyekevu kwamba linabeba mtu mmoja tu. Akasema hata wokovu huanza na mmoja.

Siku nilipolichana kwa msumari wa mlango, nililia. Nikaweka kiraka kwa cherehani ya Mama Upendo, kitambaa cha kijani, uzi mweusi kwa sababu mwingine ulikuwa umeisha. Nilikuletea ukikague. Ulikitazama, ukasema, "Safi kabisa," ukacheka kidogo. Nilidhani ile ni furaha ya mwalimu.

Ulikuwa na sheria zako, na ulisema si zako, ni za watu wote wanaofanya mchezo huu na wakazeeka. Asubuhi ya kuruka, begi linafunguliwa na parachuti linakunjwa upya, hata kama jana umelikunja mwenyewe, hata kama kalikunja malaika. Ukingoni hasogei mtu ambaye siku hiyo si yake. Na mmoja wenu akisema hapana, mnashuka kwa miguu, na aliyesema hapana haulizwi kwa nini. Hiyo ya mwisho uliirudia kuliko zote. "Ukianza kumuuliza mtu kwa nini anaogopa," ulisema, "siku nyingine ataogopa kukwambia."

Tukaanza kwenda mlimani, kule kati ya Kolo na Busi. Genge letu ukiliona kutoka barabarani, unavua kofia. Tulikuwa tunapanda kwa nyuma, kunakopandika, tukifika juu mimi nasimama pale uliponionyesha, nimeshika utepe juu ya fimbo, nasoma upepo. Wewe unasogea ukingoni na jiwe. Unalidondosha. Unainamisha kichwa unasikiliza. Halafu unarudi unajipangusa mikono.

"Leo hapana."

Siulizi. Tunashuka.

Wenyeji walituchunguza. Mzee mmoja mchunga mbuzi alituamkua siku ya kwanza kwa macho tu, siku ya pili akasema, "Mmeshaipata?"

"Ipi, mzee?"

"Mali ya Mjerumani."

Ukamwambia hatuchimbi, tunasoma upepo. Akatafakari. "Na Mjerumani naye aliuficha huko?" Tangu siku hiyo kila tukishuka alituangalia mabegi, akaguna kwa huruma.

Misimu miwili ya kiangazi, Kocha. Upepo mbaya, hapana. Upepo mzuri, hapana. Siku moja utepe ulining'inia umetulia kabisa, vumbi chini halijainuka, nikajua leo ndiyo yangu. Ukadondosha jiwe. Ukarudi, ukaniweka mkono begani.

"Umenyooka," ukasema. "Umeiva. Lakini leo hapana."

Njia nzima ya kushuka nilikuchukia. Naandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ulijua. Kule chini ulininunulia soda, tukanywa, ukaanza kukohoa kile kikohozi.

Msimu ule wa mwisho ukaniambia tumekunja vya kutosha, begi lisifunguliwe tena mpaka siku yangu. Ulilibeba wewe mwenyewe, ingawa tulikuwa tunapumzika kila kichaka. Mvua zilipoanza ukalazwa. Kabla ya Krismasi tukakuzika, na mimi nikashika kamba moja ya jeneza, nikaona aibu kwamba nawaza namna ilivyofungwa vibaya.

Mama Upendo akanipa begi. "Kasema ni lako." Nikaliweka juu ya kabati. Sikulifungua, kwa sababu siku yangu haikuwa imefika, na mwalimu wa kuniambia imefika hakuwepo. Kwa hiyo nikajipangia mwenyewe. Jumatatu hii. Nilishaongea na mtu wa bodaboda kule Kolo, sikumwambia kama wa kubeba kurudi atakuwa mtu au maiti.

Sasa unaelewa ile pilau. Kama parachuti liko juu ya meza kuu, juu ya kabati langu kuna nini?

Nilimfuata mpambaji palepale, nyuma ya jukwaa, anahesabu maua.

"Dada, lile si pambo. Lile ni parachuti."

"Kaka, likishaning'inia ni pambo."

"Nani kakuuzia? Mama Upendo?"

"Kakaye. Yule mrefu, mgonjwamgonjwa. Aliniletea mwenyewe. Nikataka nilitundike zima, akakataa. Akaomba mkasi, akalikata mbele yangu. Mtu mzima analia huku anakata, nikasema huyu labda alikuwa anauza vitu vya marehemu mkewe."

Nilitembea mpaka nyumbani na suti yangu. Nikalishusha begi, nikalifungua. Blanketi, Kocha. Blanketi la mistari la Mama Upendo, limekunjwa kwa namna yetu, mbavu kwa mbavu, hewa imetolewa yote. Msimu mzima nilikuwa nakufuata mlimani ukiwa umebeba blanketi.

Nilikaa sakafuni. Nilitaka kukasirika, nikashindwa kujua nianzie wapi. Asubuhi nikaenda nalo kwa dada yako, nikaliweka mbele yake bila hata kumwamkia. Akaligeuza pindo.

"Kumbe ndiko lilikokuwa," akasema. "Nimewasingizia majirani mwaka mzima."

"Mama Upendo, alikuwa ananifanyia nini?"

"Kaa kwanza. Na shikamoo yako umeiacha wapi?"

Nikampa. Akaketi.

"Aliniambia, dada, yule kijana nikimfukuza ataparamia mnara. Nikimfundisha, angalau atakuwa kwenye mkeka wangu. Alipojua haponi, akasema hataki kuliacha likiwa zima. Akasema, akiwa mtiifu atalifungua begi kule juu, kabla ya kuruka, kama nilivyomfundisha. Na kule juu kuna baridi."

Tangu Jumapili najaribu kulimeza hilo, na limekataa kushuka kuliko ile nyama. Nilikutafuta unifundishe kuruka. Wewe ukatumia pumzi zako za mwisho, na pumzi zenyewe zilikuwa za kuazima, kupanda mlima ili mimi nibaki ardhini. Watu wangapi wamewahi kunisindikiza hata mpaka kituo cha basi? Ningekuwa nimekuuliza "kwa nini" mara moja tu, ungeniambia? Nadhani ungeniambia. Ndiyo maana ile sheria uliirudia kuliko zote.

Jumatatu nilikwenda hivyohivyo. Mtu wa bodaboda nilikuwa nimeshakubaliana naye. Nilibeba begi na blanketi lake, nikapanda kwa nyuma peke yangu. Upepo ulikuwa umelala. Nilifungua begi kama ulivyofundisha, na ulisema kweli, kuna baridi, nikajifunika. Halafu nikafanya ambalo misimu miwili sikulifanya, mimi ninayejisifu kwa kutazama. Nililala kifudifudi, nikajivuta mpaka ukingoni, nikachungulia.

Yule mzee wa mbuzi alikuwa amenifuata nyuma. "Leo mwenzako hayupo?"

"Alifariki, mzee."

"Pole." Akakaa kitako pembeni yangu, naye akachungulia. "Siku moja alikuja peke yake, kabla hajakuleta, akaniuliza kama kuna pengine parefu zaidi. Nikamwambia hakuna. Akafurahi sana. Sikuelewa."

Pumzika, Kocha. Mkeka ninao, blanketi nitalifua nilirudishe, na mnara wa simu nimeukatia tamaa bila kuulizwa. Mwingine akija dukani na wazimu kama wangu, nitamwambia alete mkeka. Sijui nitamwambia nini baada ya hapo, lakini nitakuwa na muda wa kufikiri wakati anakunja.

Genge letu, ukilitazama kutoka juu, lina bega. Liko hapohapo chini ya ukingo, pana kama ua la Mama Upendo, na majani; hapo parachuti lisingepata hata nafasi ya kufunguka. Mbuzi wa yule mzee walikuwa wanakula juu yake. Mmoja aliinua kichwa, akanitazama, na alikuwa karibu kiasi kwamba nilimsikia akitafuna.

Ni mimi, mwanafunzi wako, ambaye hajawahi kuruka.