Swali Kabla ya Kura

Ameshinda! Kitinda mimba wangu ndiye mwenyekiti wa chama cha kutetea wanawake, kanda nzima! Kura mia na kumi na mbili, wenzake waligawana makombo. Na mimi mama yake nilitoka ukumbini kabla hajaapishwa.

Nisamehe mdogo wangu, nimekurukia hata hodi sijapiga. Hujambo? Goti limetulia? Shemeji bado anabishana na redio? Sisi huku wazima, kwa miili.

Basi wanachama walitoka matawi yote, ukumbi ukajaa hadi madirishani. Nilikaa mstari wa mbele na gauni jipya la zambarau. Fundi cherehani aliyelishona, naye mwanachama, alinitania kwamba leo shingo yangu imegoma kuinama. Nikamjibu aliyezaa simba hainamii paka. Walicheka! Unanijua, kila aliyekaa karibu nilimwambia ile sauti isiyohitaji kipaza sauti imetoka tumboni kwangu, mimi niliyeishia darasa la sita.

Sasa wana desturi yao. Kabla ya kura, kila mgombea husimama ajibu swali moja: ni mwanamke gani alikujia akihitaji msaada, ukamwangusha? Muuguzi mmoja alimtaja mgonjwa wake. Mwalimu akamtaja jirani. Mwanangu akasema ni dada yake.

Alisema dada yake alirudi nyumbani na sanduku, jicho limefumba, akiomba alale hata jikoni. Na kwamba yeye, wa miaka kumi na mitatu, alilibeba lile sanduku kichwani hadi kituo cha basi, dada akarudi kwa mumewe, na siku ya tisa tukaletewa maiti. Akasema hilo ndilo kosa lake, akaketi. Ukumbi mzima ulilia. Wanawake wakanishika mabega, wakanipa pole ya mzazi aliyefiwa.

Hakusema nani alimtuma.

Ni mimi, mdogo wangu. Nilimwambia yule mkubwa ndoa ni kuvumilia, mlango wangu haupokei walioachika, watu watanicheka. Hata maji sikumpa, nikihofia ataketi. Nyinyi nikawaambia hakuwahi kuja. Wewe ulilia makaburini ukisema laiti angekimbilia kwetu, nami nikakuitikia, laiti. Miaka kumi na minne mtoto amebeba mzigo wangu, na juzi kaubeba mbele ya watu mia mbili, mimi nimekaa na zambarau yangu, kimya.

Aliporudi nilimwomba radhi. Aliniambia yaishe, mama, umri umekwenda, tufurahie ushindi tu. Nimekataa. Sherehe ya kumpongeza iko palepale, na ndugu wote nimewaita, wa kwa baba yao na wa kwetu. Nitasimama niseme kabla chakula hakijapakuliwa, ili asiyetaka kula kwangu aondoke na njaa yake.

Wabusu watoto. Mwambie shemeji namsalimu, akizima redio atanisikia. Nawe ukinichukia, nina haki gani ya kukukataza? Ila njoo unichukie ukiwa umekaa karibu nami.

Ni mimi dada yako, mama wa mabinti wawili.

Wote wanafika Jumamosi, tarehe ishirini na mbili, saa nne asubuhi.