Jogoo wa Mabibo

Jumatano, Oktoba

Mbuzi wameila michoro yote. Jana hatukuwa na rangi, nikawaambia watoto wa darasa la pili wachore kwa maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Leo karatasi zilikuwa bado zinanata, nikazianika juani, nikaingia kufundisha hesabu. Kutoka nje, nimekuta vipande tu. Mbuzi gani angeuacha utamu ule?

Jioni akaja Mama Somoe, ameshika shati la shule la bintiye. Mimi mgeni hapa Rondo, sikujua kwamba bibo likishika nguo halitoki.

"Nimefua mpaka nimechoka, mwalimu," akasema. "Sasa huo mchoro wenyewe uko wapi? Tangu jana ananisimulia jogoo wake."

Nikamweleza habari ya mbuzi. Akalikunjua shati, akalitazama lile doa kubwa kifuani.

"Basi jogoo ndiye huyu," akasema, akalikunja tena taratibu.

Angenigombeza ningepumua.

Ijumaa kuna ukaguzi wa sare, na mwalimu mkuu hataki kusikia maelezo. Naogopa atamrudisha Somoe nyumbani mbele ya wenzake.

Nimeokota bibo nyuma ya nyumba, nikalipaka shati langu jeupe, hapa kifuani.