Bukuru Alipoingia Kikaoni

Neema mjukuu wangu,

Mama yako ameniambia asubuhi hii kwamba wenzako katika kikundi cha kutetea mto hawataki wapinzani wenu waingie mkutanoni, nawe unauliza naonaje. Huku Busunzu sisi wazima. Maharage yamevunwa, na shangazi yako amerudi kutoka hospitali ya Kabanga akiwa na nafuu.

Nilipokuwa msichana, maji ya chemchemi yetu ya bondeni yalianza kupungua. Tukaunda kikundi cha kuilinda, tukaandika barua kwa serikali ya kijiji kudai kilimo kikatazwe pale. Bukuru, aliyelima humo bondeni, akaingia kikaoni mwetu bila kualikwa.

"Umekuja kutupeleleza?" mwenyekiti wetu akamuuliza.

"Nimekuja kukaa. Au viti navyo ni vya kikundi?"

Nikasoma barua. Bukuru akacheka. "Hapo mnachota tu. Maji yanaanzia juu, kwenye migomba yako, mwenyekiti."

Tulipanda mlimani kuangalia, ikawa kweli. Mwenyekiti aling'oa migomba, tukaandika barua upya. Bukuru aliendelea kutubishia hadi uzeeni, lakini chai ya leo nimeipika kwa maji yale.

Mkutano wenu ni Jumamosi. Waalike kabla ya Ijumaa. Jumapili nitakupigia unieleze walichosema.

Bibi yako