Mastafeli Niliyoyachuma Kabla ya Siku Zake

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, uani maji yamejaa.

Mwanangu Mwajuma, barua nimeshindwa, naona haya. Acha niandike humu daftarini kwanza. Mimi sijambo. Baba yako hajambo, kifua tu kinambana kwa baridi. Saidi hajambo, jino la mbele limeng'oka, bado ananiita mke wake na kunidai chai ya maziwa. Mama Elia wa chumba cha mbele hajambo, anakusalimu. Tunu naye hajambo.

Hajambo mwili. Lakini hasemi na mimi.

Ule mstafeli uliouacha mdogo umezaa mara ya kwanza, matano. Tunu akachagua mawili makubwa, akasema haya ya mama, Mama Elia atayapeleka Dodoma akipanda treni. Kila akitoka shule anakwenda kuyatazama. Hagusi. Baba yako alimfundisha: stafeli halibonyezwi, angalia miiba, ikishaachana ndiyo limepevuka.

Jumatano iliyopita, kwenye foleni ya sukari, nikasikia nyumba ya tatu wameibiwa mapapai yote. Moyo wangu unaujua. Sukari sikuingoja. Nikarudi mbio, nikawaita wajukuu zangu tuchume yote siku ileile.

Saidi akatandaza gunia chini. "Mke wangu, ukiniangushia kichwani nakuacha." Tukacheka.

Tunu hakucheka. "Bibi, bado. Miiba imebanana."

Nikamwambia mtoto hamfundishi mkubwa. Akarudia, Mama Elia anasikia: "Babu kasema bado."

Nikashuka kwenye kigoda, nikamzaba kofi.

Hakulia. Alinisaidia kuchuma mpaka la mwisho, anayalaza kwenye gunia kama mayai. Nikayavundika ndani ya pumba, chini ya kitanda.

Leo nimefunua. Magumu kama mawe, yamesinyaa, meusi. Nimekata moja, ukakasi mtupu. Tunu alikuwa mlangoni, ameona yote. Hakusema "si nilikwambia." Bora angesema. Alichukua ufagio, akafagia pumba iliyomwagika, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa:

"Bibi, naomba niende na Mama Elia kwa mama."

Nilimpiga kwa sababu ya mastafeli, au kwa sababu alijua na mimi sikujua?

Sisi tulivyolelewa, mkubwa hamwombi radhi mtoto. Unamwita, unamwekea mnofu wa samaki, yamekwisha. Mchana nimemwekea. Amempa Saidi.

Kesho nitamwambia kwa mdomo wangu: nisamehe, mjukuu wangu. Naogopa nitaanza kumtuma maji badala yake.

Mama Elia anaondoka Ijumaa, nitachana karatasi hizi nimpe. Ukimwona amekuja peke yake, ujue nilisema, na mtoto amekubali kubaki. Ukimwona amemshika Tunu mkono, mpokee, usimuulize kitu.

Niandikie upesi tu kama anakula.