Vidole Vinne na Gumba

Jumatatu, 4 Machi
Mimi ndiye fundi bora tangu chuma kigunduliwe. Sijisifu — nasema tu kwa kuwa leo hakuna mwingine karibu wa kulisema. Shule niliiacha darasa la sita, nayo haijapona mpaka leo.

Karakana ya Mjomba imepokea magurudumu mawili ya pikipiki ya Mkunga. Kutu tupu, rangi inabanduka kama ngozi ya mjusi. Anayataka ya manjano, yang'ae, eti watoto wazaliwe waone kitu cha maana. Ahadi ni Ijumaa. Mpaka hapo anawafuata wajawazito wake kwa miguu.

Nimetoa tairi, diski za breki, beringi. Beringi ya nyuma iligoma. Nikaipasha moto, nikaigonga, nikaitukana — ikatoka kwenye tusi la tatu! Sindano anasema ilitolewa na moto. Sindano ni binamu yangu, binti wa Mjomba: mwembamba, na maneno yake yanachoma. Yeye ananiita Kitana, eti nachana nywele kuliko ninavyofanya kazi. Wivu huo.

Halafu habari kubwa. Mjomba katangaza: kazi hii ikitoka safi, mmoja wetu atashika bunduki ya kupulizia rangi. Mmoja tu! Miaka miwili tunasugua, kuigusa hatujaigusa. Namwonea Sindano huruma.

Jumanne, 5 Machi
Kupiga mchanga kutwa. Mashine inarusha mchanga kwa upepo, rangi kuukuu inakimbia yenyewe. Nimerudi nyumbani mweupe kama donge la unga. Mama mlangoni akauliza namtafuta nani. Nikamwambia namtafuta mama wa fundi bora duniani. Akasema huyo kahama.

Jumatano, 6 Machi
Leo kuziba. Rangi hii ni unga mkavu. Unanasa kwenye chuma, kisha unayeyuka kwenye tanuri. Usipoziba pale beringi inapokaa, beringi hairudi ng'o. Sindano kakata tepu isiyoungua motoni kwa wembe, duara kamili, ulimi nje. Mimi nimeziba matundu ya skrubu kwa vizibo vya mpira. Kisha tukafuta kila kitu kwa thina. Mjomba akaanza hotuba yake: kuanzia hapa ni glavu, mafuta ya mwili yakigusa chuma rangi haishiki. Tumesikia, Mjomba. Hata tanuri limesikia.

Sindano akaenda kunawa macho, vumbi limemwingia. Gurudumu la nyuma nikalitundika mwenyewe kwenye ndoano, haraka haraka. Nywele zangu, kwa taarifa, leo zilikuwa hatari. Mafuta mapya!

Alhamisi, 7 Machi
La mbele limetoka kwenye tanuri kama jua! La nyuma — basi tu. Vidole vinne kwenye ukingo, na gumba upande wa pili. Vishimo vishimo, rangi imekimbia, kama kuna mtu kalishika akakataa kuliachia.

Mjomba akaizima kompresa, ile mashine ya upepo. Mjomba akizima kompresa, hata vumbi linaona aibu. Akauliza nani alilitundika.

Sindano, nikasema. Ulimi ulitoka kabla yangu.

Yeye alikuwa nje. Aliporudi, hukumu imeshapita. Alibisha mpaka sauti ikakatika. Mjomba akamwambia uzembe wa mgeni angeuelewa, wa mwanawe hapana. Akampa ufagio. Bunduki akanipa mimi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeshika bunduki! Ina umeme ndani. Unga unatoka kama moshi wa manjano, unaurukia msumari wowote ulio karibu. Nimefanyia mazoezi kipande cha bomba. Mjomba kasema mkono wangu umetulia. Nikaangalia kama Sindano kasikia.

Mkunga kaja kuchukua magurudumu yake. Viatu matope matupu. Mjomba akaomba radhi, mpaka Jumatatu. Mkunga akasema mtoto wa jana alikuwa na adabu, alimsubiri. Wa kesho, tabia yake bado haijui.

Sindano alifagia bila kuinua kichwa. Hata neno moja la kunichoma! Hakuna.

Jumamosi, 9 Machi
Nywele sijapaka kitu. Mama kaniuliza kama naumwa.

Mjomba kampa Sindano gurudumu la nyuma alipige mchanga upya — aliyeharibu atengeneze. Mimi nilikuwa nasafisha bunduki. Nikamwona anavua glavu. Akaweka vidole vyake juu ya vile vidole, kimoja kimoja. Havikufika. Kila kimoja kilibakiza nafasi, na gumba lake halikulikaribia lile gumba.

Akanigeukia. Taratibu kabisa: "Kitana, hebu lete mkono."

Mjomba akainua kichwa.

Nikasema mkono una unga, ngoja ninawe. Ndiyo maana nipo nyuma ya karakana, bombani, daftari juu ya goti, maji yanamwagika bure.

Beringi niliitoa vizuri. Kwenye kuziba sikuruka tundu hata moja. Na hiyo alama ni mchanga wa nusu saa, inafutika. Ila Alhamisi, nilipomtaja Sindano, nilijua. Jumatano nilitoka kupitisha mkono kwenye nywele, glavu zinaning'inia msumarini, nikalishika gurudumu. Mkono ni wangu.

Anaita tena. Sasa na Mjomba anaita. Mikono imeshatakata zamani.