Arvilla Goodsky: Kesi ya Mtoto Imekwisha

Mwaka umetimia, Arvilla, tangu ututoke asubuhi ile ya theluji, na simu yako bado inaita. Ni watu wanatafuta wakili. Mumeo Leland huipokea. Hajaweza kuwaambia umekufa, husema tu, "Hayupo kwa sasa."

Kati ya sisi Waojibwe wa ziwa hili, wenyeji wa asili wa Marekani, wewe ndiwe wa kwanza kusomea sheria kisha ukarudi nyumbani. Mchana ulitetea watu katika mahakama ya kabila, jioni ukafundisha sheria zetu chuoni, hata darasa likiwa na wanafunzi wawili na mmoja kasinzia. "Mwacheni alale," ulisema. "Babu zetu walitia saini mikataba ya ardhi na serikali wakiwa macho, na mmeona yaliyotupata."

Kule mahakama ya jimbo, karani alikuelekeza kwa kidole: "Washtakiwa wanakaa kule."

"Najua, mama. Nimekuja kuwatoa."

Tulicheka sana siku ile. Sasa hatucheki.

Jirani yetu Eunice alinyang'anywa mjukuu wake mchanga aitwaye Nadine, wakati mama wa mtoto huyo alipougua. Maafisa wa ustawi wa jamii walimpeleka mbali, kwa watu wasiotujua, ilhali sheria yao wenyewe inataka ndugu waulizwe kwanza. Ukaichukua kesi ukiwa tayari mgonjwa. Mawakili wa upande wa pili waliona unavyokohoa. Wakaomba iahirishwe. Wakaomba tena. Na tena.

Daktari alitaka ulazwe, ukakataa. Mdogo wako Rosella alikufokea jikoni: "Dada, utakufa kwa ajili ya mtoto wa watu?"

"Watu gani, Rosella? Huyu ni wetu."

Hukuisikia hukumu. Kwenye mazishi yako alikuja wakili wao mkuu na maua, akatuambia ulikuwa mpinzani wa kuheshimika. Chuo kikuu kilichofuta somo lako la sheria za makabila kilituma ngao yenye jina lako. Tulipokea vyote, tukasema asante. Ulitufunza hivyo.

Marlys, mwanafunzi wako, aliimalizia kesi. Tulishinda, Arvilla. Wakati wa kuvuna mchele wa mwitu unaoota ziwani, mtoto akaletwa. Ana miaka minne sasa na anaitikia jina jingine, alilopewa kule. Eunice alikuwa ameupika mchele mpya kwa sukari ya utomvu wa mti. Mtoto aling'ang'ania koti la afisa, akimlilia yule aliyemlea kule, "Nataka kwa mama!" Ilibidi wambandue vidole kimoja kimoja. Eunice alisimama mlangoni na kijiko mkononi, akasema, "Bibi yako ndiye mimi," kwa lugha yetu, kisha kwa yao. Mtoto hakumtazama.

Mpaka leo anauliza atarudishwa lini nyumbani.

Unakumbukwa na mumeo Leland, wanao Tobias na Corinne, mdogo wako Rosella, mwanafunzi wako Marlys, na Eunice, anayezidi kujaribu.

Tutakukumbuka maisha yetu yote. Na waliokuchelewesha, tutawakumbuka pia.