Usingizi wa Kuazima

Jumatano, 14 Mei 2025

Evod kaleta ile saa ya kupimia usingizi asubuhi, kabla hajarudi shambani Michenga. Shikamoo kaka, wiki hii nimekulalia vizuri sana. Akacheka mwenyewe. Nimeifuta tope, nikaivaa, nikampelekea Daktari Eveline wa ule utafiti wa usingizi wa marubani. Hakuna anayejua nani kalala nayo isipokuwa mimi na mdogo wangu.

Ningefanyaje? Tangu ndege initeleze kwenye matope Masagati, mwezi wa tatu, usingizi sina. Nikifumba macho naona mwisho wa kiwanja unakuja. Wanasema majibu ya utafiti ni siri. Siri gani, Ifakara hii? Wakijua, leseni inakaa kabatini. Evod yeye analala popote, hata juu ya baiskeli. Tunamtania kwa kukoroma tangu utotoni.

Akaondoka na baiskeli yake. Wewe unarusha ndege, mimi nawafukuza, kaniambia.

Ijumaa, 16 Mei

Daktari kapiga simu. Nisiruke. Nifike leo hii hii.

Anasema saa inaonyesha pumzi inakatika usingizini, kisha moyo unasita — unasimama kidogo, unaanza tena. Mtu wa hivyo anaweza asiamke. Akauliza kama kwetu kuna aliyekufa ghafla. Nikasema baba. Alianguka katikati ya mpunga, hakuwa anaumwa popote.

Si moyo wangu huo!

Akanibandika nyaya kifuani. Moyo wangu safi. Akaguna, akaigeuzageuza saa. Itakuwa na kasoro, akasema. Ataipeleka ikakaguliwe, na takwimu zile atazifuta. Naruhusiwa kuruka.

Hapo ndipo nilipaswa kufungua mdomo. Nikasema ahsante, daktari.

Jumamosi, 17 Mei

Evod hapatikani. Simu haina chaji, kama kawaida yake. Msimu huu wa kuamia mpunga anashinda na kulala huko huko, juu ya dungu, kile kichanja cha walinzi, akifukuza ndege kweleakwelea.

Hapatikani.

Jumapili, 18 Mei

Misani Evod hakuonekana. Mke wangu Agnella kauliza kwa nini sikukomunika. Nikasema tumbo.

Ukweli ni kwamba Evod akienda kupimwa, Eveline atauliza tumejuaje. Akishajua atauliza na huo usingizi wangu mimi uko wapi. Nina aibu. Hofu ni kubwa kuliko aibu, na hilo ndilo linaloniumiza.

Mchana nikamweleza Agnella kila kitu, jikoni. Hakunigombeza. Aliendelea kupepeta mchele. Kisha akasema: kesho nenda Michenga, baba. Asimwambie mtu mwingine ila wewe.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua haijakata tangu jana. Barabara imekatika, bodaboda hakuna anayekubali. Nimeishia kwenye maji, viatu mkononi. Mvuvi mmoja, Polikarpo, alikuwa anaelekea huko na mtumbwi. Nikamwomba amwambie Evod aje mjini haraka, asilale peke yake. Kanitazama kama nimechanganyikiwa. Kasema akimwona atamwambia.

Kwa Eveline ningeweza kupita leo. Nimepita nje ya geti lake, sikuingia. Kesho nina safari ya Masagati, kupeleka dawa za zahanati. Nikirudi nakwenda kwake moja kwa moja.

Nikirudi.

Jumanne, 20 Mei — Masagati

Naandika chini ya bawa. Hapa hakuna mtandao. Wanateremsha dawa.

Nimepita juu ya Michenga, chini kuliko inavyoruhusiwa. Kila shamba kuna mtu dunguni, anapunga tambara, anapiga debe. Nikalitafuta dungu la Evod, lenye turubai la bluu. Nikaliona. Shamba lake peke yake lilikuwa limetulia. Kweleakwelea walikuwa wameufunika mpunga wake wote, wanakula, hakuna wa kuwagusa.

Mngurumo wangu ukawainua wote. Dunguni hakuinuka mtu.

Nikazunguka tena. Turubai, na miguu miwili imetokeza.

Nimemwambia mganga wa zahanati lazima nirudi sasa hivi. Anasema ningoje kidogo, kuna mama mjamzito wanamleta kwa machela, hali yake si nzuri, bila ndege hafiki hospitali. Nawaona kule mwisho wa kiwanja wanakuja, taratibu, matope yanawafika magotini. Nawangoja.

Evod analala popote. Hata juu ya baiskeli. Amezoea kelele za madebe, hata ndege isingemwamsha. Labda amelala tu.